Rajabu Hajapatikana

Jumanne, 1 Oktoba

Mkono umegoma leo, kwa hiyo naandika badala ya kuchora. Daktari alisema kwa kifundo cha mkono kazi hizo mbili ni moja, lakini yeye hajawahi kuchora mawimbi.

Asubuhi nimepata barua pepe kutoka studio moja ya filamu za katuni, Dar es Salaam. Wanataka kuitengeneza "Meli ya Saba" iwe filamu ya vipande kumi. Hiki ni kitabu chetu kidogo cha hadithi ya picha, kinatoka kila mwezi, mwaka wa kumi na nne sasa. Faizan anaandika na kuchapa dukani kwao, mimi nachora. Kinauzwa na wauza magazeti hapa Mwanza, Musoma, Bukoba, mpaka Shinyanga.

Hawaitaki hadithi yote. Wanautaka ule mkondo mrefu unaoitwa Msako. Rajabu, fundi wa injini wa meli, anaondoka na mtumbwi kwenda kutafuta kifaa na harudi. Nahodha wetu, msichana anayeitwa Sumbo, anageuza meli kumtafuta kisiwa hadi kisiwa. Tumemtafuta Rajabu miaka tisa. Nimechora visiwa zaidi ya sitini, na hayupo hata kwenye kimoja.

Nilipaswa kufurahi. Nilichemsha chai, nikaisahau ikapoa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja kutoka ziwani, yanasimama juu ya Mkolani hapa kwetu, yanaondoka. Kurasa mbili.

Jumatano, 9 Oktoba

Amepiga yule msichana wa studio aliyeniandikia, anaitwa Precious. Sauti ya haraka, heshima nyingi. Amekua akisoma hadithi za picha za Wajapani, na Msako aliukuta kwa shangazi yake Musoma akiwa likizo, akausoma sakafuni siku tatu mfululizo.

Alinieleza matumaini yalivyo. Kuna mfadhili, kuna kituo cha televisheni kinachosikiliza, wachoraji wapo. Kikwazo ni kimoja tu, Msako haujaisha. Alisema Wajapani wenyewe walijifunza hilo kwa maumivu: filamu ikianza kabla mkondo haujafungwa kitabuni, inaikuta hadithi njiani, halafu inaanza kubuni mambo yake na wasomaji wanachukia pande zote mbili. Kikao cha kuamua ni katikati ya Desemba. Ukurasa wa mwisho anautaka kabla Novemba haijaisha.

"Dada Rebeka, mimi nataka kujua tu," alisema. "Rajabu yuko hai au amekufa?"

Nilimjibu ukweli, kwamba sijui. Akaniuliza ni nani anayejua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeshuka mjini kuonana na Faizan. Duka ni lile la marehemu baba yake, Mtaa wa Rufiji: vifaa vya shule mbele, mashine ya kuchapa nyuma, ghorofani anaishi yeye na mama yake, Bi Mumtaz. Faizan ana miaka arobaini na saba, rika moja na mume wangu, ila anatembea kama mtu aliyetoka kulazwa. Aliniagizia chai ya maziwa. Akanieleza habari za karatasi, kwamba bando jipya lina unyevu na wino unachelewa kukauka. Nilimsikiliza mpaka chai ikaisha, ndipo nikamuuliza Msako unaishaje.

"Tutaona huko mbele," alisema.

Nikamwambia huko mbele ni Novemba. Akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alisema watu wanapenda ule utafutaji wenyewe; Rajabu akionekana, kitabu kimekufa. Nikasema zipo hadithi nyingine. Akakubali kwamba zipo, kwa sauti ya mtu anayekubali ili aachwe.

Nimerudi na hasira isiyo na nguvu. Nadhani ni uvivu. Nadhani kwa miaka mingi ameshindwa kubuni kitu kingine, nami nimekuwa nikiuchorea uvivu wake mawimbi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza, na paa la stoo limevuja. Kurasa halisi za mwaka 2017 zimelowa. Nimezianika sebuleni, juu ya meza, viti na kochi. Mume wangu Mashimba alirudi kutoka shuleni anakofundisha hesabu, akakosa pa kukaa, akala amesimama.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 22 Oktoba

Kurasa zimekauka lakini zimejikunja. Leo Mashimba alisaidia kuzikusanya, na kwa kuwa huwa hasomi vitabu vyangu, nadhani ni mara ya kwanza kuziona nyingi kwa pamoja. Meli, maji, kisiwa. Meli, maji, kisiwa. Alizipitia taratibu kama anasahihisha madaftari.

"Mama Kija, hivi mnamtafuta huyu mtu au mnamkwepa?"

Nikamwambia amuulize Faizan. Akasema kwa nini tusimuue tu huyo jamaa tukapumzika sote. Hakuwa anatania.

Jumapili, 27 Oktoba

Faizan ametuma maandishi ya toleo la Novemba. Kisiwa kingine tena. Bibi mmoja anamwambia Sumbo kwamba alimwona mwanamume mwembamba akielekea magharibi, miezi miwili iliyopita. Huyu ni bibi wa nne kusema hivyo. Nimempa sura ya yule wa pili. Hakuna atakayegundua.

Jumamosi, 2 Novemba

Mashimba ameomba ruhusa ya wiki mbili shuleni, amekwenda Magu, kwenye majaruba ya mpunga ya baba yake, kwa sababu mvua imeshika. Mwanetu Kija yuko chuoni Dodoma. Nyumba imenyamaza. Nilikaa kumchora yule bibi, nikajikuta nachora matete.

Jumanne, 5 Novemba

Kurasa kumi na mbili kwa siku nne. Sijachora kwa kasi hii tangu nikiwa msichana. Sumbo anaukuta mtumbwi katikati ya matete, umepinduka. Anashuka majini mwenyewe, anawazuia wengine. Ukurasa wa sita hauna neno hata moja. Wanamzika Rajabu kwenye kilima, mahali ambapo meli ikipita itapaona.

Nilipofika ukurasa wa tisa nilitokwa machozi. Inawezekana ni uchovu.

Leo saa nane mchana nimezipiga picha na kuzituma kwa Precious. Nilijiambia kwamba namwonyesha tu inavyoweza kuwa. Naandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye: nilijua Faizan hajui, na nilituma.

Alhamisi, 7 Novemba

Precious amejibu. Ametuandikia sote wawili, mimi na Faizan, kwenye barua moja. Anatupongeza kwa mwisho mzuri. Anasema alilia ofisini mbele ya watu, na kwamba sasa ana imani kubwa na kikao cha Desemba. Chini ameambatanisha kurasa zote kumi na mbili.

Faizan hajapiga.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimempigia mara nne. Inaita tu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda dukani. Limefungwa. Mwenye duka la vitambaa pale jirani, anaitwa Zahabia, alisema limefungwa tangu Alhamisi mchana. Hakuna mgonjwa, hakuna safari. Alitaka kuniuliza kitu, akaacha.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mitaro ya Mabatini imefurika, nasikia shuleni kwa Mashimba nusu ya wanafunzi hawakufika. Sikuchora.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeitwa na Bi Mumtaz. Nitaandika yote, mkono ukiruhusu.

Alipiga mwenyewe saa tatu asubuhi, akasema nije kabla ya adhuhuri kwa kuwa Faizan amekwenda bandarini kufuatilia mzigo wa karatasi. Nilipanda zile ngazi za nyuma nikijua naenda kukemewa, nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi.

Alikuwa amekaa dirishani kwenye kiti cha mbao, na shali mabegani. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanionyesha stuli iliyokuwa karibu na magoti yake. Macho yake yameharibika sana; alinitazama begani.

Aliniuliza habari za Mashimba na Kija, na za mpunga. Kisha akaniuliza kama namkumbuka Shabir.

Nilimkumbuka. Shabir ni kaka mkubwa wa Faizan, mrefu, mcheshi, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kuchapa tulipoanza. Mwaka 2014 Mashimba alihamishiwa Tabora, tukakaa huko miaka miwili, nikawa natuma kurasa kwa basi. Tuliporudi Shabir hakuwepo. Nilimuuliza Faizan, akanijibu, "Hayupo." Familia nyingi za pale mtaani zina watu waliokwenda Kanada na Uingereza, nikadhani naye amekwenda. Sikuuliza tena. Miaka minane nimekuwa naingia duka lile kila mwezi, na sikuuliza tena.

Bi Mumtaz alisimulia bila kupandisha sauti. Ilikuwa mwezi Machi mwaka 2015. Shabir alikodi mtumbwi wa injini kwenda Ukerewe kupeleka madaftari ya shule moja, kwa sababu alichelewa kivuko. Walikuwa watu wanne. Upepo uliwakuta katikati. Wawili waliokolewa na wavuvi, mmoja aliopolewa akiwa amekufa siku ya pili. Shabir hakuonekana. Faizan alizunguka siku arobaini kisiwa hadi kisiwa akiwa na picha ya kaka yake mfukoni, na kila mahali alipata mtu wa kumwambia kwamba amemwona mwanamume mwembamba, ameelekea kule. Aliporudi hakutaka matanga, hakutaka hitima. Alisema haiwezekani kumsomea mtu ambaye hajapatikana. Baba yao alikubaliana naye, na alikufa akiwa bado anakubaliana naye.

Toleo la kwanza la Msako lilitoka Juni mwaka huohuo. Nililichora Tabora, kwenye meza ya jikoni, na nakumbuka niliona ni wazo zuri.

Nikamwambia, "Mama, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingeweza kuchora."

Akaniambia kwamba tangu macho yalipoanza kumwacha, Faizan humsomea kila toleo likitoka, baada ya swala ya alasiri, akimwelezea picha moja moja. Nikamuuliza kama Faizan anafahamu kwamba yeye anajua Rajabu ni nani. Hapo alicheka kidogo, si kwa furaha.

"Hajui. Anafikiri ananificha. Na mimi namwacha anifiche, kwa sababu ile ndiyo saa pekee anayomsema kaka yake. Nikimwambia inatosha, atanyamaza kabisa. Kwa hiyo kila akimaliza namuuliza, mwezi ujao wanakwenda wapi? Naye anakwenda kuandika."

Chini barabarani mtu alikuwa akivuta mlango wa bati. Nilimfikiria Faizan akipanga zile kalamu, na mimi nikimwita mvivu moyoni.

Akasema kwamba tangu Alhamisi Faizan hali vizuri, na hataki kusema kuna nini, lakini jana yeye alimsikia Zahabia, aliyekuwa dukani Alhamisi zile kurasa zilipofunguliwa, akimuuliza Faizan ngazini habari za mwisho wa kitabu. Kwa hiyo ameelewa kwamba Msako umefungwa. Akanitaka nimsomee.

Nilizitoa kwenye simu. Nilimsomea kama Faizan anavyofanya, picha moja moja. Ukurasa wa sita nilimwambia hauna maneno, akasema basi tukae kimya, tukakaa. Nilipomaliza kile kilima aliuliza swali moja.

"Umemvika shati gani?"

Nikasema shati la kawaida tu, jeupe.

"Si hilo. Alitoka na shati la mistari, la mikono mirefu, kola nyeupe. Mimi ndiye nililipiga pasi." Alinishika mkono, ule mbovu, akaubonyeza kama anapima embe. "Mchore na shati lake. Faizan niachie mimi, nitamwambia mwenyewe."

Jumatano, 13 Novemba

Siku nzima kitandani. Nilimwambia Mashimba kwa simu, akasema atarudi Ijumaa.

Jumamosi, 16 Novemba

Faizan amekuja nyumbani. Hajafika Mkolani tangu harusi ya mdogo wangu Suzana. Mashimba alimletea kiti barazani, akatuacha, akaenda kuziba paa la stoo ingawa alikuwa ameshaliziba.

Nilimwomba radhi. Sikupamba. Nilisema nilituma nikijua hajui, na kwamba hata kusingekuwa na habari ya Shabir lingekuwa kosa, kwa sababu hadithi ni yetu sote wawili. Alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa na ndevu za siku kadhaa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

"Nilizifungua nikiwa peke yangu pale kaunta," alisema. "Wateja wamesimama. Ungeniambia kwanza, Rebeka, ningekaa chini."

Nikasema ni kweli, ningemwambia kwanza.

Baadaye alisema mama yake amemwambia yote, hata ile ya kumuuliza kila mwezi wanakwenda wapi. Alisema alikuwa anaumia kumsomea, tena sana, lakini aliendelea kwa sababu aliona mama anataka. Alilisema hilo akitazama miguu yake. Mvua ikaanza, tukasogeza viti ndani. Alipoondoka aliomba zile kurasa za karatasi, si za simu. Nikamfungia kwenye mfuko wa nailoni.

Alhamisi, 21 Novemba

Ametuma maandishi yake. Ameacha picha zangu karibu zote, amebadilisha maneno. Mimi nilimpa Sumbo hotuba pale kilimani. Faizan ameifuta. Sumbo anasema tu jina la Rajabu na jina la mama yake, kisha anawaambia wenzake washuke. Ni bora zaidi. Inaniuma kwamba ni bora zaidi, na nimechoka kiasi kwamba haiumi sana.

Jumapili, 24 Novemba

Mistari ya shati. Kwenye maji inapinda, kwenye mikunjo inakatika. Kurasa saba zina shati hilo, kila mstari kwa mkono. Mashimba ananikanda kifundo kwa maji ya moto kila nikimaliza ukurasa.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimetuma kwa Precious. Safari hii Faizan alikaa pembeni yangu dukani, na ndiye aliyebonyeza.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua imepungua. Sina cha kuchora na sijui mikono niiweke wapi.

Ijumaa, 13 Desemba

Kikao kimekaa. Precious amepiga akiwa nje ya jengo, nasikia magari. Wote wameupenda mwisho. Lakini mfadhili amepunguza mpango wake, na nafasi ya mwakani imepewa hadithi nyingine, fupi, ya vipande vinne. Msako umewekwa kwenye orodha ya kufikiriwa. Huenda mwaka unaofuata, huenda baadaye. Alianza kunieleza kuna hadithi za Kijapani zilizokaa miaka ishirini kabla ya kutengenezwa, zikaja zikapendwa, lakini sauti ikamkatika, na nikajikuta mimi ndiye nambembeleza. Nilimwambia amefanya kazi nzuri. Ni kweli. Bila yeye kuuliza lile swali lake, Oktoba ijayo ningekuwa nachora bibi wa tano.

Nilimpigia Faizan kumwambia. Akauliza, "Kwa hiyo tunachapa?" Nikasema tunachapa.

Jumamosi, 21 Desemba

Toleo limetoka. Lilipokatwa na kubanwa, Faizan alichukua nakala moja akaniomba nipande naye juu.

Bi Mumtaz alikuwa amekaa palepale. Faizan alivuta stuli, akaanza kumsomea. Anasoma vizuri, sikuwa najua. Anaeleza mpaka wingu liko upande gani. Alifika kwenye mtumbwi, akafika kwenye matete. Aliposema "amevaa shati la mistari," alikwama. Alijaribu tena kutoka mwanzo wa sentensi, akakwama palepale. Akaweka kitabu magotini akafunika uso.

Mama yake alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata kichwa chake, akauacha mkono hapo.

Nilikichukua kitabu nikasoma mpaka mwisho. Jina la Rajabu, jina la mama yake, wenzake wanashuka kilimani. Baada ya hapo Bi Mumtaz alimuuliza Faizan ataonana lini na sheikh wa msikiti wao. Faizan alifuta uso na kusema Jumanne.

Ijumaa, 3 Januari

Leo imesomwa hitima ya Shabir.

Wanaume walijaa dukani na barazani, rafu za madaftari zimefunikwa kwa mashuka. Wanawake tulikuwa ghorofani na Bi Mumtaz. Zahabia na majirani wengine walipika pilau. Mashimba alikuja na suti yake ya mahafali, akakaa na wauza magazeti watatu waliokuja wenyewe bila kuitwa. Mmoja wao, mzee Chenge wa stendi, alikuwa na toleo la mwisho limekunjwa mfukoni. Sijui aliunganishaje mambo.

Kisomo kilipomalizika, Faizan alisimama kuwashukuru watu. Wanawake walisogea kwenye ngazi ili wasikie, nami nikasogea. Alianza kwa kutoa salamu, akatulia, akasema, "Mmekuja kumwombea marehemu kaka yangu, Shabir." Kisha akaendelea, akawashukuru majirani, akawaomba wakae wapate chakula. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Bi Mumtaz, aliyekuwa amenishika mkono, aliuachia akaomba maji ya kunywa.

Nimefika nyumbani saa moja usiku. Nimevua viatu, nimeandika haya, sasa naenda kulala.